Tulipewa fulana na soda, lakini bado hatusemezani

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu alisimamia hosteli za wanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha umma magharibi mwa Kenya hadi alipostaafu. Siku hizi ni mpatanishi.

Mwezi huu bahasha nyingi zimetoka vyuoni. Zile zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, na waliouliza habari za mapenzi wavumilie hadi toleo lijalo.

Kwako Mama. Tunaishi wanne chumba kimoja cha hosteli. Tangu uchaguzi wa wajumbe wa wanafunzi, wawili hawasemezani na wawili. Sufuria zimetenganishwa, koili ya kuchemshia maji imefichwa, na juzi nusura watu wapigane kwa sababu ya mgeni ambaye amelala sakafuni mwetu tangu muhula uanze. Kila mtu anasema ni ukabila. Chuo kilituandalia siku ya amani: mgeni rasmi alihutubu asubuhi nzima, tukapewa fulana nyeupe na soda. Jioni hiyohiyo mmoja wetu alimtukania mwenzake kabila huku kaivaa ile fulana. Mimi ni mjumbe wa kitivo. Nifanye nini?
*Mjumbe, Eldoret*

Mwanangu, soda hizo nimekunywa nyingi. Fulana ninazo pia, mbili napigia deki.

Sina neno na siku ya amani yenyewe. Tatizo ni kwamba mtu hukalishwa ukumbini na mamia ya watu ambao hajawahi kukosana nao, akahubiriwa kupendana, kisha akarudi chumbani kwa yule mmoja waliyekosana naye bila kujua hata atamwamkiaje. Mtu hujifunza kupatanisha kwa ugomvi ulio mbele yake. Ninyi mnao, tena wa kutosha kozi nzima.

Tuuchambue basi. Umeniandikia habari za koili, za mgeni na za kura, halafu ukabila ukabandikwa juu ya yote. Huyo mgeni ni nani? Nikiulizwa mimi, nitasema ni mwanafunzi ambaye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haujaingia, au umeingia ukaishia kwenye karo, na hana pa kulala. Hilo ni jambo la malazi. Limegeuka la kabila kwa sababu yeye ni wa kwao fulani, na aliyemkaribisha ni wa kwao huyohuyo, na wengine wawili wanaoga maji baridi. Hata angekuwa binamu yao wangenuna. Tofauti ni kwamba wangekosa jina la kuita manung'uniko yao.

Kuhusu kura, wengi wenu mmeingia chuoni mkakuta mambo yako hivi hivi. Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo kila mwanafunzi alimpigia mwenyekiti wa baraza la wanafunzi kura yake moja kwa moja. Siku hizi mnachagua wajumbe, nao wajumbe ndio wanaochagua baraza. Mwenyekiti na makamu wake ni lazima wawe wa jinsia tofauti, na baraza zima liwe na sura ya nchi. Nia ilikuwa nzuri. Lakini wajumbe wakiwa wachache ni rahisi kuwahesabu kwa majina yao ya ukoo, na aliyeshindwa hupata pa kusema "walikaa usiku wakatupanga". Ninyi wanne mnaendelea na kikao cha usiku ule.

Sasa kazi yenyewe. Usipatanishe wewe. Ulikuwa mjumbe, ulipiga kura, na wawili kati ya hao wanajua ulimpigia nani au wanadhani wanajua. Tafuta mtu ambaye pande zote mbili zinaweza kumkopesha pesa: matroni, mwanafunzi wa mwaka wa nne, kiongozi wa kwaya au wa msikiti. Azungumze na kila mmoja peke yake kwanza. Asiulize nani alianza, maana hapo kila mtu ana historia yake na zote zina mashahidi. Aulize: "Ungetaka Jumatatu chumba kiweje?" Utashangaa majibu yalivyo madogo.

Kisha wakae pamoja, na isiwe chumbani, wala mmoja asikalie kitanda chake huku mwenzake akisimama. Wakae baada ya kula. Mwenye njaa hapatani na mtu. Kila mmoja aseme bila kukatizwa, halafu mwenzake arudie alichosikia mpaka msemaji akiri, "Ndiyo, nimesema hivyo." Hapa ndipo kazi ilipo. Nimeona vijana wenye alama za A wakishindwa kurudia sentensi tatu za mwenzao bila kuongeza "lakini". Msiwaharakishe. Siku ile mtu anapofaulu kueleza uchungu wa mwenzake kwa maneno ambayo mwenyewe anayakubali, sauti hushuka bila kuambiwa.

Mkiandika mapatano, msiandike "tutaheshimiana". Andikeni koili inakaa juu ya kabati, inatumika kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na mgeni anaondoka tarehe ngapi. Andikeni pia nani ataongozana naye hadi ofisi ya hosteli kuomba kitanda, na hapo wewe mjumbe una kazi kweli, kwa kuwa shida ya malazi huiwezi ukiwa chumbani. Tusi la kabila nalo litajwe waziwazi na aliyetukana aombe radhi kwa jina. Kuna kanuni za chuo na kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008, na mwenzenu ajue kwamba zipo, ila mngoje kwanza muone kama ataomba radhi mwenyewe.

Baadaye, mkitaka klabu ya upatanishi, someni habari za Wajir, kule kaskazini mashariki mwa Kenya. Mapigano ya koo yalikuwa yamefika mpaka sokoni, mama wa ukoo huu haruhusiwi kununua kwa mama wa ukoo ule. Mwaka 1993 kundi la wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na soko hilohilo: kila mwanamke auze na anunue kwa yeyote, na wakaweka watu wa kulisimamia neno hilo kila siku. Kutoka hapo ndipo walipowaendea wazee, kisha vijana. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliingizwa katika kamati ya wilaya ya amani na maendeleo, na mfano huo ukaigwa kwingine nchini. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na kufariki mwaka 2011. Soko lenu ninyi ni mesi, foleni ya bafu na orodha ya vyumba. Anzieni huko.

Mama, binti yangu ameitwa chuo kikuu kusomea masomo ya amani na utatuzi wa migogoro. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya wachungaji na wazee wa mtaa, haihitaji karo. Mimi nauliza tu: atakula nini?
*Mzazi, Kakamega*

Baba watoto hajakosea sana. Wazee wamepatanisha miaka yote bila shahada, na wengine wanawashinda wenye shahada. Ila wazee haohao wamekuwa wakiamua kesi za ardhi bila kumsikiliza mjane, kwa hiyo tusiwavike taji mapema.

Kuhusu chakula, nikuambie ukweli: ni nadra kuona tangazo la gazeti likisema "anatafutwa mtu wa amani". Kazi zipo zikiwa na majina mengine. Mashirika yaliyoko katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab huajiri. Serikali za kaunti huajiri, hasa zenye mipaka ya malisho na maji. Ipo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Halafu kuna mahakama: Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize maridhiano, usuluhishi na njia za jadi, na tangu 2016 upatanishi chini ya mahakama ulipoanza kwa majaribio pale Milimani, Nairobi, kesi za familia na za biashara zimekuwa zikipelekwa kwa wapatanishi waliosajiliwa. Lakini ni nani atampa msichana wa miaka 22 kesi ya urithi wa ndugu saba? Hiyo ni kazi atakayoifikia, si ya kuanzia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni aambatanishe. Masomo ya amani pamoja na sheria, au ardhi, au takwimu, au uhasibu wa miradi. Ningekuwa mimi ningechagua ardhi, maana katika kila mafaili kumi ninayoletewa siku hizi, sijui kama matatu hayana shamba ndani yake.

Hapo kwenu Kakamega, Masinde Muliro wanafundisha masomo haya. Nairobi kuna Hekima, walioanzisha taasisi yao mwaka 2004. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna Gulu, ambako mwanafunzi anasoma huku amezungukwa na watu waliopitia vita vya waasi wa Kony na wanaojua mato oput, upatanisho wa Waacholi, kwa kuushiriki. Popote aendapo, aulize mapema: je, wanafunzi hutoka darasani kwenda kukaa na watu wenye mgogoro, na nani huwasimamia wakiwa huko? Wakijibu kwa kumpa orodha ya vitabu tu, mwambie aangalie kwingine. Johan Galtung yule Mnorwe aliandika mwaka 1969 kwamba kukosekana kwa vita si amani kamili kama dhuluma ingalipo, na ni maneno mazito. Lakini kuyakariri miaka minne si kazi ya mikono.

Mama, mhadhiri mmoja amekuwa akinitumia ujumbe wa kunitaka, na nilipokataa alama zangu zikapotea. Nilipolalamika, ofisi iliniambia chuo chetu kinaamini katika maridhiano, tukae mimi na yeye mbele ya mpatanishi tuyamalize. Niende?
*Jina limehifadhiwa*

Usiende.

Upatanishi ni wa watu ambao kila mmoja anaweza kuinuka na kuondoka bila kuumia. Wewe ukiinuka, alama zako zinabaki mkononi mwake. Anayekuita kwenye kikao hicho anataka faili lifungwe. Kwa sheria ya Kenya, mwenye mamlaka anayemsumbua kimapenzi aliye chini yake anatenda kosa la jinai; Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kosa la jinai halipatanishwi kwa chai.

Hifadhi ujumbe wote, na upige picha ya skrini yenye tarehe na namba. Andika malalamiko kwa karatasi, upeleke nakala kwa mkuu wa kitivo na kwa naibu wa Naibu Chansela anayehusika na wanafunzi, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba kwa maandishi mtihani wako usahihishwe na mtu mwingine. FIDA, shirika la wanasheria wanawake, hutoa msaada wa sheria kwa wanawake bila malipo, na namba 1195 ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia hupokelewa usiku na mchana, bila gharama. Kituo cha polisi nenda na mtu, usiende peke yako.

Na nyinyi mnaofundisha amani vyuoni, kozi yenu isiyo na somo la lini *usipatanishe* ni hatari. Nimechoka kuona neno maridhiano likiziba midomo ya wasichana.

Shikamoo Mama. Mimi ni Mhehe, na huku kwetu Mngoni ni mtani wangu. Nikifiwa anakuja kunichekesha msibani, anaficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka alipwe. Babu zetu walipigana vita na leo tunacheka. Chuo kinataka kila mwaka wa kwanza asome kozi ya amani. Hatupotezi muda?
*Mtani, Iringa*

Marahaba. Utani ni elimu ya juu, na Mkenya kama mimi nauonea wivu. Watu waliouana katika karne ya 19 wakajitengenezea kanuni: nani amtanie nani, wapi, kwa neno gani, na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika. Kozi ya amani inayofundishwa Iringa bila kuugusa utani ningeitupa. Kila mwanafunzi apewe kazi ya kwenda kumuuliza bibi yake watani wao ni akina nani, ulianzaje, na ni lini mtani alivuka mpaka akatozwa faini. Hapo mtapata mafaili ambayo hayapo hata Oslo, kwa akina Galtung.

Lakini utani una mipaka yake. Unafanya kazi kati ya makabila yaliyokwisha kumalizana. Hakuna utani kati ya mwanafunzi na bodi ya mikopo, wala kati ya chama na chama. Tazama Zanzibar: watu wa lugha moja, wengi wa dini moja, wameoleana tangu zamani. Muafaka wa kwanza, kati ya CCM na CUF, ulitiwa saini mwaka 1999 na utekelezaji ukasuasua. Januari 2001, katika maandamano baada ya uchaguzi, watu waliuawa, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, huku kwetu. Oktoba mwaka huohuo ukaja Muafaka wa pili. Ilichukua mpaka Novemba 2009 kwa Rais Karume na Maalim Seif wa CUF kukutana Ikulu, na Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, theluthi mbili hivi wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini karatasi ya 1999 haikutosha, nani alipaswa kuifuatilia, na ni nini hasa kilibadilika kufikia 2009, hapo ameanza kusoma. Hilo linataka mwalimu na maktaba, na muda wa kubishana bila kuogopa. Kozi yenu ikiwa ni ya kuwaambia vijana wanyamaze kwa kuwa nchi ina amani, basi sawa, mnapoteza muda.

Mama, mimi ni mhadhiri. Nimepewa kozi ya utatuzi wa migogoro, wanafunzi 180, ukumbi mmoja, vipaza sauti vibovu, bajeti sifuri. Nifundishe vipi bila kuwahutubia?
*Mhadhiri, Nairobi*

Una kisa kizuri kuliko vyote na hakina gharama: mazungumzo ya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi hapa Kenya. Watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, na zaidi ya laki sita walihama makwao. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitua Nairobi Januari 22 kupatanisha, akiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, na mkataba ukatiwa saini Februari 28. Kila upande ulileta wajumbe wanne: kwa Rais Kibaki walikaa Karua, Ongeri, Wetang'ula na Mutula Kilonzo, kwa mpinzani wake Raila walikaa Mudavadi, Ruto, Orengo na Sally Kosgei.

Wagawe wanafunzi kumi na wawili kwa kumi na wawili: wanne huku, wanne kule, wapatanishi watatu na mwandishi mmoja. Unapata makundi 15 kamili. Kanuni ya kwanza: kila mmoja aigize upande ambao nyumbani kwao hawakuupigia kura. Watapiga kelele, usikubali kuwabadilishia. Kanuni ya pili: mpatanishi haruhusiwi kupendekeza suluhisho kikao kizima cha kwanza, anauliza na kusikiliza tu. Simu zizimwe.

Wape ajenda nne kama zilivyokuwa: kukomesha ghasia, kuwasaidia walioathirika, mzozo wa kisiasa, na yale ya muda mrefu, yaani ardhi, umaskini, ukosefu wa kazi na watu kutoadhibiwa. Waulize kwa nini Annan alizipanga hivyo. Kwa nini hakuanza na swali la nani alishinda, wakati ndilo kila mtu nchini alikuwa akiuliza?

Wiki ya tatu watoe nje. Annan aliwatoa wajumbe Nairobi akawapeleka Kilaguni, Tsavo Magharibi, mbali na kamera, na huko waziri mmoja wa Ujerumani, Gernot Erler, akawaeleza jinsi vyama pinzani vya kwao vilivyounda serikali ya pamoja. Wewe huna Tsavo, una mti nyuma ya maktaba. Lete mwenzako wa kitivo kingine aeleze mfano wa nchi nyingine. Mazungumzo yakikwama, na yatakwama, fanya alichofanya Annan mwishoni mwa Februari: aliwasimamisha wajumbe, akaingia chumbani na wakubwa wawili, Kibaki na Raila, pamoja na Mkapa na Rais Kikwete wa Tanzania. Wanafunzi wanane watakuwa nje wakinung'unika kwamba wamepokonywa kazi. Wape muda wa kuuzungumzia huo uchungu, una mafunzo kuliko mkataba.

Mtihani uwe ukurasa mmoja: andika hoja yenye nguvu zaidi ya upande uliokupinga, kiasi kwamba mpinzani wako aisome aseme "hiyo ndiyo hoja yangu". Mpinzani ndiye atie saini. Kusahihisha kurasa 180 si mzaha, lakini nakuahidi hutasinzia.

Jambo moja la tahadhari. Vijana ulio nao, wengine walikimbizwa wakiwa mgongoni mwa mama zao, na wengine wana ndugu waliobaki katika kanisa la Kiambaa lililochomwa Januari mosi 2008. Tangaza mapema kisa utakachotumia. Anayetaka kuwa mwandishi badala ya kuigiza umruhusu bila kumhoji, na mshauri nasaha wa chuo ajue ratiba yako.

Mama, mimi ni mlinzi wa geti chuoni. Wanafunzi wakigoma, wa kwanza kupigwa mawe ni mimi. Sasa naambiwa nihudhurie mafunzo ya amani Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, bila malipo. Niende?
*Bawabu, Kisumu*

Nenda, lakini kwanza omba kwa maandishi upewe siku nyingine ya mapumziko badala ya hiyo. Mafunzo yaliyoamriwa na mwajiri ni kazi.

Ukifika huko usikae nyuma. Ugomvi wote wa chuo hupita getini kwako kabla haujafika kwa Naibu Chansela, na hao wakufunzi hawana habari. Wewe unajua kwamba mawe huanza saa ngapi, na kwamba mara nyingi kabla yake kulibandikwa tangazo la karo au la tarehe ya mtihani, Ijumaa jioni, ofisi zikifungwa na wote wa kujibu wakiwa wameshapanda matatu. Waambie walibandike Jumanne asubuhi, na mtu wa kujibu akae pale ubaoni mpaka jioni. Waambie pia walinzi, wapishi na matroni wawe na kiti katika kamati yoyote ya upatanishi itakayoundwa.

Barua ya siku ya mapumziko iandike leo, nakala ubaki nayo.